Rozimari yangu ya tatu

Rozimari ni mmea wa kiungo, majani yake yana harufu kali. Ya kwanza niliipakata kutoka Nairobi, basi usiku kucha hadi Mokowe, halafu boti mpaka Lamu. Ilifika nzima, majani yamesimama kama sindano. Nikaiweka uani kando ya mrehani wa mamangu, na kila jioni mama akinyunyizia mrehani wake, mimi naimwagia yangu kata nzima ya maji. Wiki ya tatu majani ya chini yakawa kahawia. Nikadhani ni kiu, nikazidisha. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa myeusi, inateleza, na inanuka kama mtaro.

Ya pili ilikufa masika, mwezi wa Mei, ndani ya ndoo ya rangi ambayo sikuitoboa vya kutosha. Hiyo iliniuma zaidi, maana nilikuwa nimeshaanza kuitia kwenye samaki wa kuchoma.

Mama alikuja akaitazama, akaniambia, "Mwanangu, mai ni mangi mno."

Ni kweli mrehani, mnanaa na rozimari ni ukoo mmoja, lakini kunywa hawanywi sawa. Mrehani ukikosa maji siku moja unalegea, ukiunywesha unainuka. Rozimari asili yake ni pwani za Mediterania, kwenye majabali ya chokaa ambako kiangazi kizima hupita bila mvua. Kiu inaivumilia. Maji yakiizidi haikwambii kitu mpaka mizizi imeshaoza.

Ya tatu ilitoka kwa mtunza bustani wa nyumba moja ya Shela, kijiji jirani, aliyenikatia vijiti vitano vya ncha changa, urefu wa kiganja. Nikapukusa majani ya nusu ya chini, nikavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Vitatu vilinyauka. Wiki ya sita nilikivuta kimoja taratibu kwa vidole viwili, kikakataa kutoka: kimeshika mizizi. Nilisimama pale ngazini nikicheka peke yangu.

Safari hii nilichagua chungu cha udongo, kwa sababu kuta zake zinapitisha hewa na maji ya ziada yanakauka upesi. Tundu la chini nililitanua mpaka kidole gumba kikapita. Nikatandika vipande vya matumbawe vilivyobaki fundi alipokarabati ukuta wetu. Chokaa yake haiidhuru rozimari. Juu yake udongo na mchanga nusu kwa nusu, na konzi moja tu ya samadi ya punda iliyokaa miezi hadi ikaacha kunuka. Mchanga nilinunua wa ujenzi, nikauosha mara tatu. Tafadhali msichote ule wa vilima vya Shela, kwani chini yake ndimo yalimo maji matamu tunayoyategemea mji mzima.

Sasa iko juu ya paa, jua la kutwa, upepo unapita kati ya matawi. Uani hewa ilikuwa nzito na majani yalikuwa yakishika ukungu mweupe. Kusi likivuma kwa nguvu huleta chumvi, basi huisuuza majani kwa maji ya mvua niliyoweka kwenye mtungi. Maji ya kisima chetu yana chumvi, hayo siipi. Wala sihesabu siku za kumwagilia: nainyanyua. Chungu kikiwa chepesi, na kidole kikizama hadi kiungo cha pili bila kukuta unyevu, naipa maji mpaka yatiririke chini, kisha naiacha. Masika naisogeza chini ya makuti.

Ukikata kitawi, vidole vinabaki na unato, na harufu haitoki hata ukinawa kwa sabuni. Mimi hukiweka ndani ya tumbo la samaki changu kabla ya kumpeleka kwenye makaa. Mama hapendi kwenye samaki, anasema inafunika nazi. Lakini Ijumaa iliyopita, akijitayarisha kwenda harusini, alinituma juu nimkatie vitawi viwili, akavifunga katika kikuba chake, kishada cha kunukia cha kujipamba, pamoja na asumini na mrehani.