Kumwandaa msichana kwa mbio fupi za velodromu, ukiwa Unguja

Baiskeli ya velodromu, yaani uwanja wa mbio za baiskeli, haina breki wala friwili (kile kinachoacha gurudumu lizunguke pedeli zikiwa zimetulia): gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka. Uwanja wake una mzunguko wa mita 250, na kona zimeinuka digrii 42 hivi. Kona zile hapa hazina badala. Lakini mita 200 za mchujo, anazoziingia mpandaji akiwa keshashika kasi, nimeweza kuwafundisha wasichana kwenye lami yetu kwa baiskeli za chuma za kizamani.

Fremu kongwe inafaa kwa sababu njia za ekseli ya nyuma zimelala, basi cheni unaikaza kwa kuvuta gurudumu nyuma. Toa friwili, funga sproketi (gurudumu dogo la meno la nyuma) ya meno 16. Krenki yenye meno 48 itakupa zaidi ya mita 6 kwa kila mzunguko wa pedeli. Hapa ndipo penye hatari. Habu ya friwili haina hesi ya kinyume ya pete ya kuizuia sproketi, kwa hiyo ukikanyaga kurudi nyuma sproketi inafunguka. Mimi huongeza pete ya kukazia kikombe cha krenki, maana hesi yake ni ile ile, na breki zote mbili sizitoi. Kusimama ni kwa breki, si kwa miguu. Cheni icheze sentimita 1 tu. Ikizidi, itaruka na kulinasa gurudumu.

Nguo nazo zisidharauliwe. Pindo la suruali likiingia kwenye cheni, miguu haisimami na cheni inazidi kulisokota. Taiti ndani, suruali ifungwe mpira chini ya goti, mtandio uchomekwe ndani ya jezi kabla ya kuvaa helmeti.

Tunatoka baada ya sala ya alfajiri, njia ya Fumba, kipande kilichonyooka tu, kwani kwenye kona huwezi kuituliza pedeli juu na itagonga lami. Pima mita 200 kwa utepe, acha mita 150 za kuchukulia kasi. Upepo wa kusi unadanganya saa, basi apite kwenda na kurudi, uchukue wastani. Mara tatu zinatosha, mapumziko dakika 10 au zaidi, vinginevyo unapima uchovu.

Sekunde 15 ni kilomita 48 kwa saa, yaani mizunguko 120 na kidogo ya pedeli kwa dakika. Lea Friedrich wa Ujerumani alitumia sekunde 10.029 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Pengo ni kubwa, lakini kwenye michezo hiyo hiyo Ese Ukpeseraye wa Nigeria alishindana kwa baiskeli ya kuazima kutoka kwa Wajerumani. Kifaa huazimwa, miguu haiazimwi, ndiyo maana naanza na miguu.

Anayefifia mita 50 za mwisho simwongezei giya nzito. Namrudisha kwenye sproketi ya meno 18, iliyo nyepesi zaidi, mpaka miguu izunguke bila makalio kurukaruka kwenye siti.