Mchana wa Kupima Choki, Manyoni

Kibali cha kuwinda ndege kilikuwa kimeshatoka, na mjomba alikuwa na shotigani yake ya namba 12, mtutu juu ya mtutu, pamoja na kopo la choki tano, vile vibomba vifupi vinavyofungwa mdomoni mwa mtutu ili kubana mtawanyiko wa risasi. Alishaamua afunge zilizobana kuliko zote. "Kanga anakaa mbali," alisema. Nikamjibu, "Sawa mjomba, lakini tupime kwenye karatasi kwanza." Akakubali, tukaenda kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, lenye kichuguu kikubwa kwa nyuma cha kuzuia marisawa, yaani vipunje vinavyotoka ndani ya risasi.

Tulianza kwa kuvunja bunduki, yaani kuifungua kwenye bawaba, na kukagua chemba zote mbili, kwa macho kisha kwa kidole. Choki haishikwi kabla ya hapo, kwa sababu anayeifunga anaweka mkono mbele ya mdomo wa mtutu.

Mtutu wa namba 12 una upana wa milimita 18.5 hivi. Choki ya silinda haiubani kabisa. Robo huubana kama milimita 0.25, nusu 0.5, robo tatu 0.75, na kamili hukaribia milimita 1. Jicho halioni tofauti ndogo namna hiyo, ndiyo maana watengenezaji wengi huchonga alama ukingoni: mkato mmoja ni kamili, miwili robo tatu, mitatu nusu, minne robo, mitano silinda. Za mjomba zilikuwa zimefunikwa na masizi, tukazisugua kwa mswaki na mafuta ya bunduki mpaka mikato ikahesabika.

Ile ya mikato miwili niliitenga mapema. Iliingia mizunguko michache ikagoma, ukingo wake ukabaki juu ya mdomo wa mtutu, wakati wenzake wote walizama sawasawa kwa vidole vitupu. Ilikuwa ya bunduki nyingine. Hesi, yaani mikato ya skrubu, za kampuni moja mara nyingi hazilingani na za nyingine, na hata kampuni moja huwa na aina zaidi ya moja. Choki isiyokaa mpaka mwisho huacha pengo kwa ndani. Marisawa na gesi hugonga ukingo wake wa nyuma, na choki hupasuka au mtutu huvimba. Mjomba alitaka kuikaza kwa spana. Nilimzuia. Spana ni ya kukaza kidogo tu mwishoni, kamwe si ya kulazimisha.

Tukatundika karatasi za kaki zenye upana wa mita 1.2 kila upande, tukapima mita 36.5, umbali ambao wapimaji wa choki wameuzoea tangu zamani. Risasi zilikuwa za gramu 32, marisawa ya risasi nyeusi (madini laini ya risasi) ya ukubwa namba 6, takriban 254 kwa kila risasi kwa kipimo cha Kimarekani. Kila mlio ulipata karatasi yake, milio mitatu kwa kila choki, maana mlio mmoja hudanganya. Duara huchorwa baada ya kupiga, si kabla: unatafuta mahali matundu yalipojaa zaidi, unakita msumari, unazungusha penseli kwa uzi wa sentimita 38, ndipo unahesabu.

Kwa kawaida silinda huweka asilimia 40 ya marisawa ndani ya duara hilo, robo 50, nusu 60, kamili 70. Kamili ya mjomba ilitoa 72. Nusu ilitoa 67, juu ya jina lake, na robo 52. Majina ya choki hupima chuma tu. Risasi nayo ina lake, kuanzia ugumu wa marisawa hadi kikombe cha plastiki kinachoyabeba na kasi ya baruti. Ukibadilisha boksi la risasi, pima upya.

Kilichombadilisha mjomba ni karatasi za mita 18. Kamili ilirundika karibu mzigo wote kwenye upana wa sentimita 40. Kwale akiruka hapo, ama unamkosa kabisa ama unaokota manyoya na mifupa. Robo ilitandaza sentimita 65 hivi, bila pengo la kupitisha mwili wa ndege. Nikamuuliza kanga wa pale huruka umbali gani watu wakiwasukuma. Akafikiri, akasema hatua 25, wakati mwingine 40. Basi kamili ilikuwa ya kazi gani?

Tukafunga robo mtutu wa chini, unaotangulia kufyatuka, na nusu mtutu wa juu, kwa ndege ambaye ameshapata umbali. Hesi zikapakwa grisi nyembamba. Nilimsisitizia akague ukazo kila baada ya milio kadhaa, bunduki ikiwa tupu, kwa kuwa choki hulegea kwa joto na mtikisiko. Na asipige kamwe bila choki ndani, kwani hesi za mtutu huharibika na hazirudi. Akipata marisawa ya chuma, asizidi nusu: hayabonyei kama ya risasi nyeusi, kwa hiyo nusu huyakusanya karibu kama kamili.

Mjomba aliandika hayo kwa kalamu ndani ya kifuniko cha sanduku la bunduki: chini robo, juu nusu, namba 6, gramu 32, mwisho mita 35. Ile ya mikato miwili akaitia kwenye bahasha peke yake, ikaandikwa "si yake".