Ni wawili tu, dada

Seva mpya imewashwa, ripoti ya mwisho wa mwezi imekwenda, Baba Zawadi amerudi salama. Lililonikaa moyoni ni neno la yule kijana wetu anayeandika programu ya mishahara kwa Java: "Ni wawili tu, dada."

Wafanyakazi 40 waliingizwa, wakatoka 38. Programu haikulalamika popote. Aliwaweka kwenye TreeSet, mkusanyiko usiokubali marudio, ili wajipange wenyewe kwa mshahara, na kilinganishi chake, yaani kanuni ya kuamua nani atangulie, kilikuwa `(int)(a.mshahara - b.mshahara)`. Sasa, TreeSet haiulizi `equals`, ile njia ya kawaida ya kujua kama vitu viwili ni sawa. Hukisikiliza kilinganishi peke yake, na kikirudisha 0 inachukulia kwamba huyu tayari yumo. `add`, amri ya kuongeza, inarudisha false, yaani haikuongeza, na hakuna anayeisoma.

Wa kwanza alipotea kwa kuwa mshahara wake ni sawasawa na wa mwenzake. Wa pili hata hakulingana na mtu: walipishana 0.50, ile `(int)` ikakata desimali, ikabaki 0.

"Ni wawili tu, dada. Nitawaongeza kwa mkono."

Kwa mkono! Watatupwa tena palepale, maana data haina kasoro, kasoro iko kwenye kilinganishi. Na hao wawili ni watu, wanangoja mshahara. Nilimwambia hivyo, akanyamaza, nami nikalala na hilo "tu" lake.

Leo kanifurahisha kweli. Mshahara ameuhamishia kwenye BigDecimal, aina ya namba inayotunza desimali kamili, na kilinganishi sasa ni `Comparator.comparing(Mfanyakazi::getMshahara).thenComparing(Mfanyakazi::getNamba)`. Mishahara ikifungana, namba ya kazi inaamua, na namba hairudiwi. TreeSet ameiacha kabisa. Rekodi zinakaa kwenye HashMap, ramani inayomfikia kila mtu kwa ufunguo wake, ufunguo ukiwa namba ya kazi, kwa sababu kinachofanyika kutwa nzima ni kumtafuta mtu mmoja, wala si kuwapanga wote. Ripoti ikitakiwa, anamimina `values()`, yaani rekodi zote, kwenye ArrayList (orodha) mpya, anaita `sort` izipange, basi. Namba yenyewe ameiweka kama String, yaani maandishi. Vyema, la sivyo 0075 ingegeuka 75.

Kisha kuna mstari ambao hakuna aliyemwagiza: baada ya kupakia, `size()` ya ramani inalinganishwa na idadi ya rekodi za faili, na zikitofautiana programu inasimama, inataja namba iliyokosekana. Ataje namba! Niliusoma mara mbili.

Zawadi bado anakohoa usiku, na dawa ya kwanza imeisha. Kesho asubuhi akiwa hivi hivi nampeleka kwa daktari, kikao kitanisubiri.