Kiungo Kilichoshika Sakitu

Usiku ule wa Julai mjini Malindi, upepo wa kusi ukivuma na chumba kikiwa nyuzijoto 26, tulikuwa tukiipoza prosesa ya kompyuta kwa barafu kavu ili iende kasi kuliko ilivyoundwa, na kipimajoto kilituambia kitako cha kopo la shaba lililokaa juu yake kiko -43. Tulikuwa tumeizima kompyuta dakika chache tu, tubadili mipangilio ya volti. Tulipoiwasha, feni zilizunguka lakini skrini ikabaki nyeusi. Saa nzima tulitafuta maji kwenye ubao mama, tukatoa na kurudisha memori, kwa sababu tuliiamini ile -43, tukaona baridi si tatizo.

Matayarisho yalikuwa mazuri. Barafu kavu, kilo 10, ilitoka Mombasa, mwendo wa kilomita kama 120, ndani ya boksi jeupe la kusafirishia samaki. Ilipanda nyuma ya pikapu, si ndani na abiria, maana haiyeyuki kuwa maji: hugeuka moja kwa moja kuwa kaboni dioksidi, gesi nzito kuliko hewa, nayo hujaa chini kimyakimya. Kifuniko hakibanwi, la sivyo boksi litapasuka.

Pwani adui ni unyevu. Hewa ikiwa nyuzi 26 na unyevu asilimia 80, chochote kilicho chini ya nyuzi 22 hivi hutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka frijini. Sembuse shaba iliyo -70. Tulipaka vaselini kuzunguka soketi ya prosesa, mbele na nyuma ya ubao, kisha tukavalisha sponji nyeusi ambayo mafundi wa AC hufungia mabomba ya mahoteli. Vijitundu vya sponji hiyo vimezibika, hewa haipiti. Sponji ya godoro haifai: huingiza hewa yenye unyevu, na baada ya muda imekuwa tambara la maji. Vipande tulipewa na Ami, fundi wa AC, naye akakaa kutazama.

Juu ya prosesa lilikaa kopo la shaba lenye kitako cha milimita 15. Ndani tulimimina asetoni robo lita, kwa sababu vipande vya barafu kavu peke yake huigusa shaba hapa na pale tu. Asetoni hujaza nafasi hizo, na haigandi mpaka ifike -95. Vipande huingizwa vidogo vidogo, maana vya kwanza huichemsha asetoni ikafurika. Asetoni hushika moto upesi mno: hapana jiko, hapana sigara, dirisha wazi na feni ikisukuma hewa nje.

Sasa kipimo. Programu ya kwenye skrini haifai kwa kazi hii. Sensa ya ndani ya prosesa za aina ile haisemi joto lenyewe, husema zimebaki nyuzi ngapi kufikia kikomo, tuseme 100. Hesabu hiyo ina biti 7 tu, yaani 0 hadi 127, kwa hiyo hata ikienda sawasawa haiwezi kushuka chini ya -27. Tena imerekebishwa kwa upande wa joto kali, kwani kazi yake ni kuzuia prosesa isiungue. Yetu ilisimama kwenye 36 usiku kucha, na kopo limeota sakitu nyeupe.

Ndiyo maana tulitumia thamokapo ya aina ya K, waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha tuliizamisha katika tundu la milimita 2 ubavuni mwa kitako, usawa wa prosesa, tukalijaza grisi ya kupitisha joto. Ncha haiwekwi kwenye asetoni: prosesa ikifanya kazi nzito, kitako huwa na joto zaidi ya asetoni kwa nyuzi kadhaa. Kabla ya hapo tuliijaribu kwenye bilauri ya maji na barafu iliyopondwa. Ikasoma 0.1.

Waya ulikuwa mfupi, tukauongeza mita 2 za waya wa simu, shaba ya kawaida, na kiungo tukakifunga tepu. Wakati wa jaribio kiungo kilikuwa mezani, joto lake sawa na la kipimajoto, ndiyo maana jibu lilitoka sahihi. Kazi ilipoanza kilikuwa kimelala juu ya sponji kando ya kopo, ukungu wa barafu kavu ukikimwagikia.

Ami ndiye aliyeona. "Wanangu, huo waya hapo penye tepu mbona umeshika barafu?"

Thamokapo hupima tofauti ya joto kati ya ncha na pale metali zake mbili zinapoishia. Kipimajoto huchukulia kwamba zinaishia kwenye plagi yake, hivyo hupima joto la plagi na kuliongeza. Zetu ziliishia kwenye kiungo. Tulipogusisha thamokapo ya pili hapo, ilisoma -2, huku plagi iko 26: nyuzi 28 za bure. Na kwa kuwa aina ya K hutoa volti chache kwa kila nyuzi kadiri baridi inavyozidi, kosa lilivimba hadi 32. Kitako kilikuwa -75.

Prosesa haikuwa imekufa. Nyingi hufanya kazi vizuri katika baridi ambayo haziwezi kuwakia. Wapo wanaopasha kopo kwa tochi ya gesi. Penye asetoni hilo ni kujichoma. Tuliopoa vipande kwa kijiko, tukaongeza asetoni yenye joto la chumba kidogo kidogo. Kiungo kikiwa tayari kimerudishwa mezani, namba ilipanda taratibu, na kwenye -58 skrini ikawaka. Tukarudisha barafu huku mashine inatembea: mapigo ya msingi megahezi 555 mara kizidishi 9, yaani kasi ya megahezi 4995.

Waya wa simu tuliukata asubuhi. Siku hizi waya ni wa K mwanzo hadi plagi, na kipimajoto hukaa juu ya kiti upande wa dirisha, maana ukungu ule ukiifikia plagi huipoza ghafla, na namba huyumba hata kama kitako hakijabadilika.