Ampu imeungua mpaka bodi imetoboka: usikimbilie kubadili transista

Leo naongelea ampu za kazi, zile nzito za kusukuma masubufa, zikiungua vibaya. Sio iliyokata fyuzi tu. Naongelea ile unafungua mfuniko unakuta bodi nyeusi tii, rezista za emita (zile zinazokaa mfululizo na kila transista kubwa) zimepasuka, transista imerusha kipande chake kule pembeni na chini yake kuna tundu unapitisha kidole. Wengi wakiona hivyo wanasema hiyo ibaki ya vipuri. Mimi nasema inarudi, na inapiga vizuri kabisa, ila fundi akubali kwanza kwamba transista zilizolipuka mara nyingi sio chanzo, zimeuawa. Ukibadilisha zote leo bila kujua nani kaziua, ukiwasha tu zinakufa zote tena kabla hujatoa mkono kwenye swichi.

Niliyokuwa nayo mezani juzi ni ya chaneli mbili, reli (njia za umeme mkuu wa ndani) za volti 90 chanya na 90 hasi, kila chaneli ina jozi tano za transista za 2SC5200 na 2SA1943. Chaneli moja imeteketea, nyingine nzima. Na hapo ndo una bahati manake chaneli nzima ndio ramani yako, kila rezista iliyoungua mpaka rangi zake hazisomeki unaenda upande wa pili unasoma ya mwenzake.

Kabla ya yote, kapasita. Kapasita moja ya mikrofaradi 10,000 ikiwa na volti 90 imebeba kama joule 40, na humu zipo nne, na kati ya reli na reli ni volti 180, hizo zinaua mtu. Ampu ikiwa imeungua fyuzi zake zikakatika, ule umeme unaweza kubaki mle ndani muda mrefu kwa sababu hakuna kitu cha kuunyonya. Usipige shoti na bisibisi, utachoma bisibisi na kapasita pia. Chukua rezista ya 1k ya wati 10, ishike kwa koleo yenye mpini wa plastiki, unganisha reli na graundi, subiri. Kapasita mbili za 10,000 zikiwa sambamba na 1k zinahitaji kama dakika mbili kushuka mpaka karibu na sifuri. Alafu pima, usiamini, pima. Na ujue kwamba kuna ampu ambazo kolekta (mgongo wa chuma wa transista) zimekaa moja kwa moja kwenye hitsinki, kile chuma cha kupozea, bila mika ya kuzuia umeme, yaani hitsinki yenyewe ina umeme, kwa hiyo usizoee kushika shika.

Sasa bodi. Hapa ndo watu wengi wanapita haraka na hapa ndo mimi nakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Bodi ikiungua inageuka mkaa, na mkaa unapitisha umeme. Ukisafisha tu na spiriti ikang'aa, ukafunga vipuri vipya juu yake, una rezista isiyoonekana kwenye mchoro kati ya njia mbili zenye volti 180, inavuja kidogo, inapata moto, inazidi kuwa mkaa, inavuja zaidi, mwisho inawaka. Weka multimita kwenye kipimo cha juu cha ohm, chomeka ncha zake kwenye ule weusi, umbali wa milimita tano hivi. Hii yangu ilisoma kilo-ohm 300 mahali ambapo panatakiwa pasisome kitu! Kwa hiyo nakata. Nachukua drili ndogo ya mkono yenye jiwe la kusagia nachimba weusi wote mpaka naona rangi halisi ya bodi, safi, pande zote, hata kama tundu linakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Vaa barakoa, vumbi la hizo bodi ni nyuzi za kioo. Ukimaliza pima tena pembezoni mwa tundu, isome wazi kabisa, ikisoma chochote endelea kuchimba.

Tundu nimeliziba kwa epoksi ya kuchanganya, nimebandika utepe chini isivuje, nikaiacha ikauke mpaka kesho yake, nikapiga msasa ikawa sawa na bodi, nikatoboa matundu ya miguu ya vipuri upya. Njia za shaba zilizopotea nimerudisha kwa waya mzito wa shaba, na usiweke kiwaya chembamba hapo, kwenye spika ya ohm 4 kilele cha mkondo kinafika ampea 20, na mkondo wote wa jozi tano unapita pale.

Turudi kwenye muuaji. Nikatoa transista zote kumi za chaneli ile, kwenye kipimo cha dayodi nyingi zilisoma sifuri kila upande, yaani shoti tupu. Draiva zote mbili, zile transista zinazozisukuma hizi kubwa, zimekufa, rezista za besi zimekatika. Lakini angalia hili: rezista za emita zote kumi zimepikwa sawasawa, juu na chini, hakuna iliyopona. Na ile rezista ya 10 ohm iliyo na kapasita ndogo pale kwenye njia ya kutokea, ambayo ampu ikianza kujipigia yenyewe kwa masafa ya juu huwa inaungua ya kwanza, ilikuwa nzima haina hata doa. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kufikiria kujipigia. Pande zote mbili zilikuwa zimefunguka kwa wakati mmoja, umeme unatoka reli ya chanya unapita moja kwa moja kwenda hasi hata spika haihusiki. Hiyo inakuelekeza kwenye baiasi, yaani ule umeme mdogo unaoziacha transista zimefunguka kidogo tu hata muziki ukiwa kimya.

Kuna transista moja ndogo inakaa imefungwa kwenye hitsinki, kazi yake ni kushikilia volti za baiasi na kuzipunguza hitsinki ikipata joto. Ndogo, rahisi, hakuna anayeiangalia, na ndo imeshika uhai wa zile kubwa zote kumi. Ikikatika kwa namna ya wazi volti za baiasi zinapanda na transista zote zinafunguka. Nikaipima yenyewe, nzima! Nikasema haiwezekani, nikaweka multimita kwenye pini za bodi badala ya kwenye miguu yake, nikatikisa waya taratibu: inasoma, haisomi, inasoma. Lehemu ya mguu mmoja ilikuwa na ufa wa duara, unaonekana kwa lenzi tu. Feni ilikuwa imejaa vumbi mpaka mabawa yameota manyoya, hitsinki inapanda joto inashuka, inapanda inashuka, lehemu inachoka. Bila kuuona ule ufa ningefunga transista kumi mpya na zote zingeondoka na mtikisiko wa kwanza wa subufa.

Rilei, ile swichi ya umeme inayoikata spika kukiwa na hatari, nayo nimeitoa. Ulinzi ulifanya kazi yake, uliiambia rilei ifunguke, lakini rilei nyingi mguso wake umeandikwa volti 30 kwa umeme wa DC, ule kama wa betri, hapa kuna 90. DC haina pale pa kupita sifuri kama umeme wa nyumbani, kwa hiyo ule moto wa mguso ukianza hauzimiki, unaendelea kuwaka mpaka vyuma vinashikana. Spika ya ohm 8 koili yake kwa DC ni kama ohm 6, piga hesabu, 90 gawa kwa 6 ni ampea 15, hiyo ni wati 1350 za joto tupu kwenye koili ambayo haitembei. Nimeweka rilei mpya yenye miguu mitatu ya mguso, ule mguu unaogusa rilei ikilala nimeupeleka graundi, spika upande wa katikati. Moto ukitokea unaishia graundi, fyuzi ya reli inakatika, spika inapona. Ampu zote zingetengenezwa hivi tangu kiwandani ningefurahi sana.

Transista mpya, kuwa makini mno, hizo namba mbili zina feki nyingi. Mimi nachukua moja ya zamani iliyokufa navunja kifua chake kwa koleo naangalia kipande cha silikoni ndani, alafu natoa kafara moja mpya naivunja nailinganisha. Ikiwa kipande ni nusu ya kile cha zamani rudisha zote. Inauma kuvunja kitu kipya ila inauma kidogo kuliko kurudia kazi.

Rezista za emita za 0.22 huwezi kuzipima na multimita ya kawaida manake nyaya zake zenyewe zina karibu ohm 0.2. Pitisha ampea 1 kutoka kwenye pawa saplai ya mezani, pima volti juu yake, ikisoma 0.22 iko sawa.

Kuwasha sasa. Siwashi na transista zote, nafunga jozi moja tu, bila spika, baiasi nimeirudisha chini kabisa, na balbu ya wati 100 iko mfululizo kwenye waya wa umeme. Balbu iwe ya ule waya wa ndani unaowaka, ya LED haifai hapa. Ukibonyeza swichi balbu inawaka kwa nguvu kapasita zikijaa alafu inafifia mpaka karibu kuzima, na ukiiona inafifia moyo unatulia kweli. Ikibaki inawaka, zima, kuna shoti bado, na hujapoteza kitu. Hii ilififia, DC kwenye njia ya spika ikasoma milivolti 14. Chini ya 50 mimi naridhika. Ndo nikafunga jozi nne zilizobaki, mika mpya na grisi mpya, kila kolekta nikapima na hitsinki isiwe inagusa.

Baiasi nimeweka milivolti 5.5 juu ya kila rezista ya emita, hiyo ni kama miliamp 25. Usiondoke hapo. Acha nusu saa ipate joto, rudi upime tena, ikiwa inapanda bila kusimama basi ile transista ndogo haijashika hitsinki vizuri. Alafu toa balbu, weka mzigo wa rezista ya ohm 8, piga wimbi la 1 kilohezi ukiangalia oskiloskopu, hii ilifika volti 56 za RMS (sio za kilele) kabla ya kuanza kukatwa vichwa, karibu wati 400, chaneli zote mbili zinalingana. Fyuzi zilizowekwa ni za namba iliyoandikwa kwenye bodi, feni mpya, vumbi lote nje, na lehemu za ile transista ndogo ya chaneli nzima nimezirudia pia manake zina umri uleule.

Alafu kabla mwenyewe hajaiunga na maboksi yake, pima spika. Ya ohm 8 isome kama 6 hivi, ukisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili isikwaruze. Inayosoma 1 au inayokwaruza usiiguse na ampu hii, ipeleke ikafungwe koili kwanza.