Mwamba, Gesi na Barafu

Jioni moja juu ya paa la nyumba tunamoishi mtaani Umoja, taa za Nairobi zikiwa zimemeza nyota nyingi, nilimwonyesha binti yangu Mshtarii, nukta nyeupe isiyopepesa, naye akaniuliza kama mtu anaweza kusimama juu yake. Nilimjibu kwamba hawezi, kwa kuwa Mshtarii na Zohali, ile sayari ya pete, ni haidrojeni na heliamu kwa sehemu kubwa, na hazina uso mgumu wa kukanyagwa. Zohali ndiyo hunishangaza zaidi: wastani wa densiti yake ni gramu 0.69 tu kwa kila sentimita ya ujazo, chini ya ile ya maji, ilhali ya Dunia ni 5.51.

Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi ni sayari za mwamba na chuma. Karibu na Jua lilipokuwa changa, joto lilikuwa kali mno kwa maji kuganda, hivyo madini na metali ndivyo vilivyobaki vikiwa yabisi na kujenga sayari hizo.

Uranusi na Neptuni, kwa maoni yangu, zimepewa jina linalopotosha. Huitwa majitu ya barafu, lakini maji, amonia na methani vilivyomo ndani yake vimebanwa na kupata joto la maelfu ya nyuzi, hata vikawa majimaji mazito. Chombo kimoja tu cha angani, Voyager 2, ndicho kilichowahi kuzipitia, mwaka 1986 na 1989.