Mvua za El Niño na Homa ya Bonde la Ufa

Redio inapotangaza kwamba vuli itakuja na El Niño, watu wa mjini huwaza barabara zitakazokatika, lakini mimi huwaza kwanza kondoo. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mifugo na binadamu, ilitambuliwa mwaka 1931 karibu na Ziwa Naivasha, na milipuko yake mikubwa katika Afrika Mashariki imefuata mvua zisizo za kawaida, kama ule wa 1997 na 1998 ulioathiri sana Garissa, na ule wa 2006 na 2007 uliofika hadi Dodoma.

Kinachonishangaza ni uvumilivu wa yai. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye udongo wa mabonde yanayojaa maji kwa msimu, na mayai hayo, ambayo baadhi yake hurithi virusi kutoka kwa mama, huweza kukaa katika udongo mkavu kwa miaka kadhaa yakisubiri mafuriko. Maji yakituama, mbu hutoka na kuuma mifugo, kisha mbu wengine, hasa wa jamii ya Culex, huueneza ugonjwa. Kondoo hutupa mimba kwa wingi. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa kuliko kwa kuumwa na mbu.

Kwa hiyo utabiri wa hewa ni jambo la daktari wa mifugo pia. Chanjo inapaswa kutangulia mvua, kwa sababu kuchanja katikati ya mlipuko, sindano moja ikipita mnyama hadi mnyama, kunaweza kuvisambaza virusi vyenyewe.